Muvi niliyoilipia mara mbili: Pirates of the Caribbean ya tano

Kwanza niungame: muvi hii nimeinunua mara mbili kwa ujinga wangu mwenyewe. Mwaka 2017 jamaa wa kibanda cha kuweka muvi kwenye flashi aliniwekea Dead Men Tell No Tales, nakala iliyorekodiwa ukumbini, vichwa vya watu vinapita mbele na kuna mtu anakohoa mwanzo hadi mwisho. Baada ya miezi kadhaa nikaona kwenye orodha yake Salazar's Revenge. Nikajua ndiyo ya sita hiyo. Nikalipa, nikarudi nyumbani, nikachemsha chai, nikawasha. Ni ileile! Marekani ilitoka kwa jina la kwanza, Uingereza na kwingineko wakaiuza kwa la pili. Nilipomrudia, akacheka tu: "Kaka, si umepata safi sasa?" Kweli ilikuwa safi. Na mtu anayenunua muvi ya maharamia kwa njia ya uharamia ataenda kushtaki wapi?

Mwezi uliopita nimeirudia, safari hii nikiwa na mjomba, Tanga. Mjomba alikuwa nahodha wa jahazi, akipeleka mizigo Pemba kabla magoti hayajamgomea. Ukitaka kuitazama muvi ya bahari kwa raha, usiitazame na nahodha. Ukitaka kuielewa, mwite.

Kwa asiyeijua: mfululizo huu ulianza 2003, ukatokana na mchezo wa kupanda vimashua pale Disneyland. Tatu za mwanzo aliongoza Gore Verbinski, ya nne ya 2011 akaichukua Rob Marshall, na hii ya tano wakapewa Wanorwe wawili, Joachim Rønning na Espen Sandberg. Hao si wageni wa maji. Ndio walioongoza Kon-Tiki, ile ya watu waliovuka Pasifiki kwa chelezo. Kwa hiyo nilitegemea bahari, na bahari nimeipata. Nilichokikosa ni Jack Sparrow, yule haramia wa Johnny Depp anayebeba mfululizo mzima.

Jack wa ile ya kwanza alikuwa mjanja anayejifanya mlevi. Unamcheka, halafu mwisho unagundua wote mlikuwa mnachezewa. Hapa amebaki mlevi tu. Tunamkuta amelala ndani ya kasha la kuhifadhia fedha, benki mpya ya Saint Martin ndiyo kwanza inazinduliwa mbele ya watu. Wenzake wamelifunga kasha kwa kamba, farasi wanavuta, na badala ya kutoka kasha linatoka jengo zima! Benki inakimbia mtaani na paa lake, inabomoa kila kona, sarafu zinamwagika njiani. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Ni kituko kizuri, sikatai. Ila angalia Jack anafanya nini humo: ananing'inia. Ya mashine ya kukatia vichwa ndiyo hivyohivyo, panga linapanda na kushuka shingoni mwake huku mashine inazunguka, na kinachomwokoa ni bahati. Stelingi hafi, hilo tunalijua tangu enzi za mabanda ya video, lakini stelingi naye afanye kazi kidogo.

Halafu kuna suala la dira. Hadithi nzima inasimama pale Jack anapoitoa dira yake kilabuni apewe chupa ya pombe, na kwa kuitoa tu, Salazar anafunguliwa kutoka kifungoni kwake katika Pembetatu ya Ibilisi. Sawa. Lakini sisi tuliozitazama zote tunakumbuka kwamba dira hiyo ilishawahi kutoka mikononi mwake, Elizabeth, mchumba wa Will Turner, aliishika katika ya pili, na hakuna mzimu uliofumka. Tena katika hiyohiyo ya pili tuliambiwa aliipata kwa mganga Tia Dalma. Hapa anaachiwa na nahodha wake anayekata roho. Mwandishi aliamua tumesahau. Hatujasahau, tulirudia zile CD mpaka zikakwaruzika.

Sasa Salazar. Javier Bardem ameifanya kazi. Ni ofisa wa jeshi la majini la Hispania aliyeapa kumaliza maharamia wote, akanaswa na Jack kijana, akalipukia miambani na mabaharia wake. Tazama nywele zake: anatembea kwenye sitaha kavu lakini nywele zinaelea taratibu, kama mtu bado yuko chini ya maji. Uso umepasuka nyufa, mdomoni unatoka weusi. Baadhi ya mabaharia wake wamebaki nusu, huyu hana upande wa kichwa, yule ni mkono na kofia tu. Na meli yenyewe, Silent Mary, haina mbao za kutosha kuficha mataruma yake. Omo, yaani sehemu ya mbele, inainuka juu, mataruma yanafunguka kama taya, inaiangukia meli nyingine na kuitafuna. Hapo mjomba alinyamaza. Aliyejenga chombo anajua mataruma ni mbavu, na kuziona mbavu zikiuma ni kitu kingine.

Pale Jack kijana anapomtega Salazar ndipo mjomba alipochachamaa. Johnny Depp amerudishwa ujana kwa kompyuta, sura imekaa vizuri isipokuwa inateleza kidogo kama nta. Wanarusha kamba, zinashika mwamba, meli inageuka ghafla na kukwepa, Salazar anapitiliza. Mjomba akasimama kabisa: "Chombo cha milingoti mitatu hakigeuzwi kwa kamba kama mbuzi! Ama kamba ikatike ama ung'oe nguzo nzima iliyofungiwa kamba." Nikamwambia mjomba, hii ni muvi. Akasema hata uongo una mwendo wake. Papa waliokufa wanaoogelea hawakumsumbua hata kidogo, kamba ndiyo iliyomuudhi.

Vijana wawili, Henry na Carina, nawapita haraka. Henry ni mtoto wa Will Turner, anatafuta mkuki wa Poseidon wenye ncha tatu amwondolee baba yake laana ya kufungwa kwenye meli ya mizimu, Flying Dutchman. Brenton Thwaites ni mzuri wa sura, basi. Carina, Kaya Scodelario, ana akili, anasoma nyota, anashika shajara ya Galileo, na wanaume wanamwita mchawi kwa sababu hiyo. Angepewa nafasi zaidi badala ya kutaniwa kila akifungua mdomo. Paul McCartney, yule mwimbaji wa Beatles, naye anapita gerezani kama baba mdogo wa Jack. Mjomba hakumjua, nami sikujisumbua kueleza.

Nimemweka haramia Barbossa mwisho kwa sababu ndiye niliyemlipia, ingawa sikujua wakati nalipa. Geoffrey Rush yumo katika zote tano. Katika ya kwanza alikuwa adui. Hapa anaanza akiwa tajiri aliyenenepa, mguu wake wa bandia ni wa dhahabu, ana kundi la meli, mpaka Salazar anaanza kuzila. Na yeye hakimbii, anamwendea Salazar mwenyewe kupatana bei. Hiyo ndiyo akili iliyokuwa ya Jack zamani.

Halafu anaiona ile shajara mikononi mwa Carina. Hasemi kitu. Rush anaacha uso tu ufanye kazi: jicho linashuka kwenye kito cha jalada, linapanda kwa msichana, linakimbia pembeni. Binti yake, aliyemwacha mchanga mlangoni mwa kituo cha yatima. Mwishoni bahari imepasuliwa kuta mbili, kuta zinarudi, wote wamening'inia kwenye nanga inayovutwa juu na Black Pearl, meli ya Jack, na Salazar anapanda nyuma yao. Carina anaona chale ya nyota mkononi mwa mzee, ileile ya kitabuni. Anamuuliza yeye ni nani kwake. Barbossa anamjibu kwa neno moja, hazina, kisha anaachia mnyororo na upanga mkononi, anashuka na Salazar. Mjomba alijifuta macho akasingizia moshi wa jikoni. Jikoni hakukuwa na moto.

Walichofanya baada ya hapo kinaniudhi. Machozi hayajakauka, tayari tuko ufukweni na miziki, Will amerudi, Keira Knightley, ndiye Elizabeth, anakimbia kumkumbatia bila kupewa hata sentensi moja. Halafu mkishavumilia majina yote yapite, wanawatega tena: usiku, kivuli chenye koleo la kaa chumbani kwa Will, maji sakafuni. Yaani Davy Jones, yule adui wa ya pili na ya tatu. Ilivuna zaidi ya dola milioni 790, lakini hadi naandika, ya sita haijatoka.

Mtu akiniuliza kama aitazame, namwambia aitazame, katika runinga kubwa, na naipa alama sita kwa kumi, nne kati ya hizo ni za mzee wa mguu wa dhahabu.

Nilipokuwa nachomoa flashi mjomba akauliza, "Hiyo ya sita wakiitoa, yule mzee yumo?"

"Si umeona amekufa, mjomba."

"Basi ukaitazame peke yako."