Bunduki ya gundi ya wati 20 kwa kutengenezea mapango ya gemu, uzoefu wangu

Wadau wa gemu za mezani, hizi zenye vijisanamu vya milimita 28, leo niiongelee hii bunduki ya gundi ya moto ya wati 20, ile ndogo inayoyeyusha vijiti vya gundi vya milimita 7. Nimeichukua hapahapa Tanga, Ngamiani, elfu 12, haina hata jina la kampuni, na nimejengea pango zima la kuchezea mezani na aisee imeniridhisha kuliko jipsamu.

Utamu wake uko hapa. Nendeni mapango ya Amboni, ni kilomita kama 8 tu toka mjini, mkiingia ndani mwambieni anayewatembeza amulike juu, mtaona yale mawe yanayoning'inia yameanza mapana yakaisha na ncha, ila yale yanayoota toka chini ni manene yana kichwa butu, kwa sababu maji yanadondoka toka juu na tone likifika chini linatapakaa, na kila tone linaacha chokaa kidogo, miaka na miaka. Sasa gundi nayo ndo inavyofanya! Nashika kipande cha paa kiangalie chini, naminya taratibu, gundi inavutika kwa uzito wake yenyewe mpaka inatoa ncha, napuliza ikaze, naongeza nyingine juu yake. Za chini nadondoshea kwenye tailizi iliyolowa, tone juu ya tone, ikipoa inabanduka yenyewe. Jipsamu utaichonga mpaka uchoke na ikianguka tu imekatika, hii inapinda na kurudi.

Ile kubwa ya wati 100 siipendi kwa kazi hii, gundi inatoka nyepesi sana inamwagika badala ya kuning'inia, halafu inatoboa lile povu jeupe la kwenye maboksi ya TV ambalo wengi tunajengea kuta.

Kasoro zipo, inachelewa kupata moto, inavuja mdomoni hata hujaminya, na nyuzi zinatapakaa kila mahali yaani lazima uzitoe kwa mkono. Rangi ya maji pia inateleza juu ya gundi, so pakeni kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na mchanga laini, ikauke kabisa, ndo rangi. Na rangi ya kopo la kupuliza msiipeleke moja kwa moja kwenye povu, inalila lote, hiyo gundi ya mbao ifunike kila sehemu kwanza.

Mimi naipa 4 kati ya 5. Anayejua vijiti vyeusi vya milimita 7 vinapatikana wapi hapa Tanga aniambie jamani, Ngamiani nimekuta vyeupe tu.