Programu ya mauzo niliyofunga dukani Mwaloni: nyota tatu, mbili zilizobaki wanajua wenyewe zilikoenda

Nina duka la dagaa na samaki wakavu hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, jumla na rejareja, na tangu mwaka jana natumia programu ya mauzo na stoki ya jamaa fulani ambao sitawataja maana tulishayamaliza. Kufungiwa ni laki mbili na nusu, af kila mwezi elfu thelathini. Ni ya Kiswahili, inatoa risiti, nikiwa nyumbani Buhongwa naona duka limeuza nini, hapo sina neno.

Sasa sikia. Wiki ya tatu nikahesabu stoo. Programu inasema dagaa wa jua nina kilo 146, mzani unasema 97. Dagaa wanapungua uzito wakizidi kukauka, hiyo Mwaloni nzima inajua, ila ni kilo moja mbili, sio 49! Kwa 8,000 kilo hiyo ni 392,000. Na pesa ya mauzo ipo kamili haijapungua hata mia, kwa hiyo kwa akili yangu ya siku ile kuna mtu anapitisha mzigo mlango wa nyuma, na dukani tuko wawili tu, mimi na kijana wa dada yangu. Nilimsema mbele ya wateja wa Kongo, dada nae nikampigia simu, kijana analia, "mamdogo mi sijachukua hata dagaa wa kuonja."

Hakuondoka. Asubuhi yake akaniita, mamdogo njoo uone. Akapiga mauzo ya kilo mbili na nusu, programu ikaandika 20,000, sawa kabisa. Akafungua stoki, kutoka 146 imebaki 144. Ilitakiwa 143.5. Nusu imebaki humo humo kwenye programu wakati mteja kaondoka nayo. Tukazipitia risiti zote za wiki tatu, zenye nusu kilo zilikuwa 94 (robo huwa hatuuzi), yaani kilo 47, na hizo mbili zilizozidi ndo za kukauka. Nilitamani ardhi inimeze.

Kupiga sapoti naambiwa mbona kwa wateja wetu wengine inafanya kazi vizuri. Wateja wenyewe famasi na maduka ya soda, nani ananunua soda nusu? Walitesti kwa vitu vya kuhesabu, vya mzani hawakugusa, kwenye bei wakaruhusu desimali kwenye stoki wakaweka namba nzima, na hakuna aliyekaa dakika tano auze nusu kilo af aangalie pande zote mbili. Dakika tano tu.

Baadae nikasoma ya Uingereza nikanyamaza kimya. Post Office, shirika lao la posta, kuanzia 1999 walifunga mfumo wa hesabu unaitwa Horizon, wa Fujitsu, ukawa unaonyesha pesa pungufu kwenye vituo vidogo vya posta, na badala ya kuushuku mfumo wakawashuku waliokuwa wanavisimamia. Hadi 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wizi, udanganyifu, hesabu za uongo, wengine wakaenda jela, na ni 2024 ndo Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu nyingi. Mi nilimliza mmoja tu na bado namwonea aibu.

Turudi kwa jamaa zetu. Nusu kilo walirekebisha ndani ya siku mbili, nawapa haki yao, ila apdeti ilipoingia orodha ya madeni ikagoma kufunguka, na hapa mzigo unatoka kwa mali kauli, mtu anachukua analipa baadae, bila orodha ya madeni ni kama nimefunga duka. Kumbe ukigusa sehemu moja inabidi ujaribu upya na zile zilizokuwa nzima.

Hapo ndo wakaleta binti mmoja, akakaa siku mbili juu ya gunia langu anaihangaisha ile programu. Kauza kilo sifuri, kauza kilo hasi, kachomoa waya wa umeme risiti ikiwa katikati, kauza gunia la mwisho kwenye simu mbili kwa pamoja, kazima data kawasha. Hiyo ya data ikamnasa mchawi: ukiuza mtandao haupo, ukirudi mauzo yanaingia mara mbili. Na mvua ikinyesha mtandao wa mwaloni mnaujua wenyewe. Huyu binti ndo walitakiwa wamlete kabla ya kupokea laki mbili na nusu yangu, wabeja sana, asante kwa Kisukuma, popote alipo.

Ukitaka kuinunua, waambie kwanza wakuachie uijaribu na vitu vyako wewe, nusu, robo, deni, mteja aliyerudisha mzigo, na kaunta buku usiitupe mwezi wa kwanza. Madeni saivi yanafunguka ila yanaganda nikifika wadaiwa kama mia, bado nawasubiri. Kijana yupo, na kila apdeti ikija haniruhusu nihudumie mtu mpaka auze kwanza nusu kilo ya uongo.