Siku tatu kambini Nyeri na maskauti wapya, uzoefu wangu

Mimi ni mwalimu, mwaka huu ndio nimepewa kulea maskauti hapo shuleni, basi nikaenda kambi ya siku tatu huku Nyeri na Chipukizi wapya 14, yaani maskauti wa rika la chini, wengi wao hawajawahi kulala nje hata usiku mmoja. Jina la kambi nitaliacha, ila nataka walimu wenzangu wajue nini kiliwaingia watoto na nini hakikuwaingia.

Moto ndio ulinifurahisha kabisa. Waligawanywa patroli mbili, saba saba, kila moja na kijana wa Mwamba, rika la juu ya Chipukizi, wa kama miaka 16, na huyo ndiye anafundisha sio sisi wakubwa. Usiku ilikuwa imenyesha, unajua Nyeri, kuni zote chepechepe. Akawaambia wasiokote za chini, wavunje vijiti vilivyokaukia mtini, kikilia ka! kimekauka, kikipinda tu achana nacho. Halafu wapange mafungu matatu, vyembamba kama njiti ya kibiriti, vya unene wa penseli na vya dole gumba, ndio wawashe, na njiti wamepewa tano pekee. Patroli moja ikamaliza zote tano ikabaki na moshi!! Yule kijana hakuwashika mkono, alikaa tu akingoja mpaka wakaona wenyewe wamelundika kuni hewa haipiti, wakabomoa, wakaomba njiti, wakaanza upya, chai ikaiva saa nne. Hao hata uwaamshe usiku watakuwashia.

Somo la kufunga mafundo ya kamba ndilo liliniuma. Kamba tatu watoto 14, na mkufunzi mtu mzima anaongea saa nzima, wengine waliondoka hawajagusa kamba. Huduma ya kwanza nayo ilikuwa ya kuandika tu kwa daftari, hakuna aliyefunga hata bandeji moja. Jamani ukienda beba kamba zako, hata za katani, mita moja na nusu kwa kila mtoto inatosha.

Siku ya mwisho wakafundishwa alama za njia, mshale ni pita hapa, msalaba ni usipite, duara lenye nukta katikati ni nimeenda nyumbani. Wakafuatana nazo msituni wee mpaka mchana. Tukirudi tukapitia kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, maana alizikwa huku huku Nyeri 1941. Mimi sikuwa nimewaambia kitu. Msichana mmoja akasimama mbele ya jiwe, "Mwalimu, si hii ndio ile ya nimeenda nyumbani?" Ndio yenyewe, imechongwa pale, na wenzake wakasongea kila mmoja anataka kuigusa.

Muhula ujao narudi na wengine, na kamba zetu wenyewe.