Kinga ya minyoo ya moyo kwa mbwa na paka: ipi ununue Uganda, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la dawa za mifugo ukaulizia kinga ya minyoo ya moyo, usishangae kupewa dawa ya kawaida ya minyoo. Muuzaji hana nia mbaya. Kwake mnyoo ni mnyoo. Ila prazikwanteli, piranteli na fenbendazoli kazi yao ni tumboni, na mnyoo wa moyo hakai huko. Huletwa na mbu, hukua mwilini kwa miezi sita hivi, kisha huishi kwenye mishipa ya mapafu na upande wa kulia wa moyo. Jike hufika sentimita 25 hadi 30.

Kwa hiyo usidanganyike na picha ya mbwa kwenye boksi. Soma kilichomo ndani: ivermektini, milbemisini, moksidektini, selamektini au, kwa paka, eprinomektini. Lazima mojawapo iwemo, na kwa kipimo cha mbwa au paka. Dawa hizi hazimzuii mbu kuuma. Zinaua vijiminyoo vichanga vilivyoingia wiki chache zilizopita, ndiyo maana nyingi hutolewa kila mwezi. Maelezo ya boksi zinazotoka Ulaya hutaja "msimu wa mbu". Kwetu msimu huo huanza Januari na kuisha Desemba.

Chaguo langu la kwanza kwa mbwa ni vidonge vya kutafuna vinavyochanganya kazi: NexGard Spectra au Simparica Trio. Navipa nafasi hiyo kwa sababu ya kupe. Mfugaji yeyote hapa anaijua homa ya kupe, na kulipia dawa mbili kila mwezi ni mzigo ambao wengi huutua mwezi wa tatu. Kidonge kimoja kinashughulikia viroboto, kupe, minyoo ya tumbo na kinga ya moyo. Kama mbwa wako amewahi kuwa na kifafa, mwambie daktari kabla ya kununua, maana sehemu inayoua kupe inaweza kuamsha degedege.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. NexGard bila neno Spectra ni ya viroboto na kupe tu. Simparica bila Trio, vilevile. Advantage ni ya viroboto. Advocate ndiyo yenye moksidektini. Boksi zinafanana, na muuzaji atakuapia ni kitu kilekile. Mwambie, "Nionyeshe palipoandikwa milbemisini au moksidektini." Akikujibu, "Ssebo, hii inaua yote," rudisha boksi kwenye kaunta.

Angalia pia uzito. NexGard Spectra ya kilo 7.5 hadi 15 si ya mbwa wa kilo 28, na kukata kidonge kikubwa ugawie wawili hakukuhakikishii kwamba kila nusu ina dawa sawa. Ukiuziwa kimoja kimoja, kiwe bado kimezibwa kwenye pakiti yake, chenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha inayosomeka. Duka liwe na leseni ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, na dawa iwe imesajiliwa nao. Dawa iliyokaa dirishani ikipigwa na jua, hata iwe halisi, mimi siinunui.

Nafasi ya pili ni dawa ya kudondoshea shingoni, kama Advocate au selamektini. Kwa paka hii ndiyo ya kwanza, kwani kumlisha paka kidonge ni vita. Nunua ya paka, usigawe ya mbwa: Advocate ya mbwa ina moksidektini mara mbili na nusu ya ile ya paka kwa kila mililita. Idondoshee mahali ambapo mnyama hawezi kulamba. Paka usimwache bila kinga kwa kufikiri atatibiwa akiugua. Dawa iliyoidhinishwa ya kuua minyoo mikubwa moyoni mwa paka haipo.

Sindano ya moksidektini ya miezi sita au kumi na miwili inawafaa mbwa wa ulinzi, ambao leo wanalishwa na askari huyu, kesho yule, na hakuna anayejua nani alitoa dozi. Inachomwa na daktari wa mifugo tu, kama anayo. Kidonge cha ivermektini cha aina ya Heartgard ni kizuri kwa moyo, lakini kupe utawanunulia dawa yao.

Mwisho kabisa, na sikushauri hata kidogo, ni ivermektini ya ng'ombe. Ni rahisi, iko kila mahali, na jirani atakwambia mbwa wake hajafa. Fanya hesabu. Chupa ya asilimia 1 ina maikrogramu 10,000 kwa mililita. Kinga ya moyo inahitaji maikrogramu 6 kwa kilo, yaani 60 kwa mbwa wa kilo kumi. Mililita moja ni dozi ya mbwa kama huyo zaidi ya 160! Hakuna sirinji ya dukani inayopima kiasi hicho kidogo. Collie na mbwa wenye damu yake wanaweza kufa kwa kuzidishiwa, kwa sababu wengi wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa kuingia kwenye ubongo.

Mbwa aliyezidi miezi saba apimwe damu kabla ya kuanza. Akiwa tayari ana minyoo, kinga haitaiondoa mikubwa, na vijiminyoo vingi vikifa kwa mkupuo vinaweza kumletea mshtuko. Tiba yenyewe ni sindano za melasomini, na wiki nyingi za kumzuia asikimbie. Mtoto wa mbwa aanzishwe akiwa na wiki nane. Ukisahau mwezi, mpe dozi siku hiyo unapokumbuka, usimpe mbili kufidia, na baada ya miezi sita mrudishe apimwe.