Saa 48 za mama, na yule kaka wa dukani

Nilitaka kuandika kuhusu dawa, lakini naona hasira inatangulia. Basi itangulie.

Ilikuwa mwezi wa sita huko, Uyole ya Mbeya, ile baridi inayopenya hata ukivaa makoti mawili. Jumapili baada ya chakula cha usiku mama alianza kutetemeka. Mwili wote unauma, kichwa kinagonga, kikohozi kikavu, na ukimgusa shingoni anaunguza. Mama ana miaka 68 na ana pumu. Anayeishi na mtu wa pumu anajua nililalaje usiku ule: nimekaa kitandani kwake nikihesabu anavyopumua.

Asubuhi tukaenda hospitali. Malaria hakuna. Daktari akamsikiliza kifua, akasema hii ni homa ya mafua, influenza yenyewe, na kwa umri huu na hiyo pumu hasubiri majibu ya maabara. Akaandika oseltamiviri, ile wengi wanaijua kwa jina la Tamiflu. Miligramu 75, asubuhi na jioni, siku tano. Akaniangalia akasema, "Dada, dawa hii inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu homa ilipoanza. Usiiweke mpaka kesho." Pale dirishani kwao ilikuwa imeisha.

Nikamrudisha mama nyumbani, nikashuka Mwanjelwa kwenye duka la dawa kubwa ambalo silitaji. Kaka yuko kaunta na simu yake. Nikamwekea cheti mbele. Hakukiinua. Alikisogeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza kombo la mwenzake mezani, akaniuliza, "Mafua?"

Nikamwambia ni mama, ana pumu, daktari amesema haraka.

"Mafua tu hayo dada, mpikie tangawizi na malimao. Mpe na hii." Akanitupia amoksilini. Cheti hakikuandikwa amoksilini! Hiyo ni ya bakteria, kirusi cha mafua hakiijui wala hakiiogopi. Nikamwambia nataka kilichoandikwa. Akasema sawa, ataagiza, inakuja na gari la jioni, nirudi saa kumi na mbili. Na amoksilini nikailipia, maana nilishachanganyikiwa.

Saa kumi na mbili nipo pale. Nimepanda bajaji kwa baridi ile, mama nimemwachia mtoto wa jirani. Kaka ananitazama kama hajawahi kuniona. "Dawa gani?" Hakuagiza. Hakumpigia mtu yeyote. Siku nzima ya mama wangu imekwenda hivyo.

Kesho yake nilizunguka tangu maduka yanafunguliwa. Kule Kabwe, kwenye kaduka ambako ungepita bila kukaona, binti mmoja alisoma cheti mpaka mwisho. Akauliza mama ana uzito gani, figo zake zikoje. Akapiga simu mbili, ikaletwa kwa bodaboda: boksi moja, vidonge kumi. Akanieleza kwamba dawa hii inavizuia virusi vilivyozaliana visitoke kwenye seli moja kwenda kushambulia nyingine, ndiyo maana ukichelewa vinakuwa vimeshasambaa. Akasema ale kwanza, maana inachefua. Saa saba mchana mama akameza cha kwanza. Kati ya zile 48, zilibaki saa saba.

Kuhusu dawa yenyewe sasa. Nilipiga magoti siku ya tatu mama alipoomba ugali na maharage. Nilitaka kuandika hapa kwamba ni dawa ya ajabu. Lakini daktari tuliporudi aliniambia kwa kawaida inapunguza ugonjwa kwa kama siku moja hivi, na huenda mama angepata nafuu hata bila hiyo. Na kile kidonge cha pili alikitapika, alimeza na chai ya rangi tupu. Kwa hiyo sijui niisifu kiasi gani. Ila kwa mtu wa pumu, siku moja ya kukohoa ikipungua si kitu kidogo, nisikilizeni. Ningeinunua tena leo hii.

Na kuhusu yule kaka, nilishaanza kusema labda hakujua, labda dawa hii haiulizwi sana huku kwetu, duka lao lina mambo mengi. Hapana. Nafuta. Angesema "sina, jaribu kwingine", ningekuwa Kabwe siku ileile. Alisema inakuja na gari la jioni.

Amoksilini yake bado iko kwenye mfuko wa kaki juu ya kabati, haijafunguliwa. Jumatatu naipeleka. Sitaki hela. Nitaiweka pamoja na kile cheti pale kaunta, nisimame mpaka akisome.