Relei ya taa za kuonyesha upande: ipi ununue Goma na ipi uiache dukani

Kabla ya kutoa pesa, bonyeza kitufe cha taa za hatari. Katika magari mengi ya Kijapani yanayotembea Goma, taa hizo na zile za kuonyesha upande hutumia relei moja, yaani kifaa kidogo kinachokata na kurudisha umeme ili taa zipepese, ila kila kundi hupata umeme kwa njia yake na mara nyingi huwa na fyuzi yake. Kwa hiyo, taa zote zikipepesa kwa kitufe cha hatari lakini zikakataa unapovuta mkono wa usukani, relei ni nzima. Kagua fyuzi, kisha swichi ya mkono huo. Upande mmoja ukipepesa haraka kuliko mwingine, tafuta balbu iliyoungua au kishikio chenye kutu, kwa sababu mtikisiko wa barabara zetu za mawe ya volkano hukata nyuzi za balbu bila huruma. Relei inunuliwe pale tu ambapo kila kitu kimekufa na fyuzi zote ni nzima.

Chaguo langu la kwanza ni relei halisi iliyotolewa kwenye gari la aina ileile lililovunjwa. Najua wengi hawapendi kitu kilichotumika, lakini kifaa hiki hudumu miaka mingi, na miguu yake itaingia mahali pake bila kukata waya. Igeuze usome herufi zilizo chini: kwenye relei ya miguu mitatu ya Kijapani, B ni umeme unaoingia, L ni njia ya kwenda kwenye taa, na E ni ya kuunganisha na bodi ya gari. Relei za Ulaya huandikwa 49, 49a na 31. Umbo likifanana huku mpangilio wa miguu ukitofautiana, usilazimishe.

Ya pili ni relei mpya ya kielektroniki, mradi iwe imeandikwa volti 12 na wati inazobeba. Gari la kawaida lina balbu mbili za wati 21 na moja ndogo ya wati 5 kila upande, yaani wati 47. Taa za hatari zikiwaka, mzigo unakuwa wati 94, karibu ampea 8. Hesabu hiyo niliidharau. Nilinunua mtaa wa Birere relei mpya isiyo na maandishi yoyote, ikafanya kazi vizuri kwenye kona kwa wiki mbili, mpaka usiku mmoja gari liliponizimikia mtaa wa Ndosho nikawasha taa za hatari, na baada ya dakika chache nikasikia harufu ya plastiki inayoungua.

Ya tatu ni relei ya taa za LED. Inafaa tu kama umekwisha kubadilisha balbu, maana LED hula umeme kidogo mno hata relei ya kawaida hudhani balbu imeungua na kuanza kupepesa mbio. Hasara yake ni kwamba haitakuonya siku taa moja itakapokufa kweli.

Relei ya zamani ya miguu miwili, inayofanya kazi kwa bati linalopinda likipata joto, naiweka ya nne. Ni ya gari la zamani lililotoka nayo kiwandani, basi. Ya mwisho kabisa ni kuacha relei ya zamani na kuongeza kwenye taa za LED rezista, kifaa kinachokula umeme ili relei idhani balbu ni za kawaida. Rezista ya om 6 kwenye volti 12 hula wati 24, na zote hugeuka joto. Ukiifunga karibu na plastiki au waya, umejitafutia moto.

Bidhaa za umeme zikishatoka dukani ni vigumu kurudishwa, kwa hiyo ijaribu hapohapo kwa betri ya pikipiki na balbu mbili za wati 21. Unganisha B na chanya, E na hasi, L na balbu zote mbili, kisha urudishe nyaya za balbu kwenye hasi. Hesabu kwa sekunde 10: ikipepesa kati ya mara 10 na 20, lipa. Balbu moja peke yake haitoshi kwa jaribio hili, kwani relei nzima nayo itapepesa mbio, na muuzaji atakuwa na haki ya kukukasirikia.