Matembezi ya Port Louis, mji wa La Bourdonnais: uzoefu wangu (nyota 3 kati ya 5)

Kwa anayependa historia ya Bahari ya Hindi, matembezi haya ya mguu kisiwani Morisi hayatakuchosha. Yanaanzia bandarini, kwenye sanamu ya Mahé de La Bourdonnais, baharia wa Saint-Malo aliyekabidhiwa kisiwa hiki akiwa gavana mwaka 1735, enzi za Wafaransa.

Msimulizi wetu alikuwa fundi wa maneno. Kilichonikaa zaidi ni pale alipoeleza kwa nini gavana alichagua Port Louis na kuiacha bandari ya kusini-mashariki, Grand Port. Sababu ni upepo. Kusi huiingiza meli Grand Port bila taabu, lakini kutoka ndiyo kazi, maana unaukabili uso kwa uso. Port Louis iko upande uliokingwa. Sisi wa pwani hatukuhitaji mchoro! Ushelisheli nayo ilitajwa: ni gavana huyo aliyemtuma baharia Lazare Picault kuvichunguza visiwa vile mwaka 1742, ndiyo maana kisiwa kikubwa kule kinaitwa Mahé.

Habari za Madras, mji wa India, pia zilisimuliwa vizuri. La Bourdonnais aliuteka mji huo mwaka 1746, akagombana na Dupleix, gavana wa Wafaransa kule India, juu ya nani aamue hatima yake, na aliporudi kwao akatupwa gereza la Bastille. Mahakama ilimwachia mwaka 1751. Miaka miwili baadaye akafariki.

Sasa lawama yangu. Kituo cha mwisho ni hospitali ya kijeshi aliyoijenga karibu mwaka 1740, ambayo leo ni makumbusho ya utumwa. Tukasimama nje, picha mbili tatu, kwaherini. Jamani! Mawe yale yalibebwa na watumwa, wengi wao kutoka Msumbiji na Bukini (Madagaska), na gavana huyuhuyu aliyesifiwa asubuhi nzima ndiye aliyewapa silaha baadhi ya watumwa wawawinde wenzao waliotorokea msituni. Nilipouliza, msimulizi alijibu kwa ufasaha, kumbe anayajua yote. Basi kwa nini mpaka aulizwe?

Niliingia mwenyewe baadaye, na nakushauri ufanye hivyo. Chukua zamu ya asubuhi, beba maji na kofia, na maswali yako uyaulize mapema, msimulizi akiwa bado hajaanza kutazama saa.